Blanketi Lililongoja Simu

Bati la chumba changu hapa mtaa wa Biwi lina tundu ambalo mwenye nyumba ameahidi kuliziba tangu mvua za mwaka juzi. Nimeshalizoea. Mawingu yakikusanyika nasogeza kitanda, naweka beseni, maisha yanaendelea. Lakini wiki iliyopita nilichelewa nikimalizia gauni la mteja, mvua ikanitangulia nyumbani, na nilipofungua mlango beseni halikuwepo. Nilikuwa nimeliacha uani na nguo za kuanika. Maji yalikuwa yamejikaribisha kitandani, na kona moja ya mfarishi wa bibi ilikuwa imelowa chapachapa.

Wewe unanijua, sina vitu vingi vya kulilia. Cherehani ni ya kukodi, kitanda nilikikuta humu humu, na sufuria zangu zote zinaingia kwenye ndoo moja. Ila kwa ajili ya mfarishi huo ningegombana na mtu yeyote. Bibi yangu aliushona kwa mkono nilipokuwa na umri wa miaka kumi hivi, kule Dzaleka, kambi ya wakimbizi, alikonilea peke yake baada ya kutoka Bukavu. Sisi wa Bukavu bibi tunamwita koko, na mfarishi yeye aliuita kuvreli, kwa Kifaransa chake cha shule ya masista. Juu ni viraka vya vitenge na mashati ya mitumba, chini ni bitana ya shuka, na katikati, pale ambapo jicho halifiki, ni mablanketi ya watu walioondoka.

Asubuhi jua lilipotoka niliuanika kwenye kamba. Mama wa mlango wa pili, Mmalawi anayeuza nyanya, akapita akausifia kwa Kichewa, nikamjibu zikomo, asante. Alipoondoka ndipo nikaona jambo. Mfarishi wote ulikuwa umening'inia sawasawa, umekakamaa kidogo, kama kawaida ya kitu kilichoshonwa mistari ya karibu karibu. Ile kona iliyolowa peke yake ilikuwa inavuta chini, na nilipoishika nikasikia kitu kinateleza ndani, hakijashikamana na kitambaa cha juu wala cha chini. Sikuhitaji kuambiwa ni nini. Mimi ndiye niliyesababisha kiingie mle, na nilifanya hivyo kwa uongo.

Ngoja nikusimulie tangu mwanzo, maana sina mwingine wa kumsimulia.

Nyumba yetu Dzaleka ilikuwa ya tofali za udongo, chumba kimoja na mahali pa kupikia nje, na ukuta wake mmoja ulikuwa ndio huo huo ukuta wa jirani. Ukipiga chafya kwetu, kwao wanakuombea heri. Upande wa pili alikaa mama mmoja Mrundi na binti yake wa rika langu. Mimi sikuwa na ndugu, naye hakuwa na ndugu. Tulizungumza kupitia ukuta ule mchana kutwa, mpaka mama yake na bibi yangu wakawa wanatutumia kama simu: uliza kama kwao kuna chumvi, uliza kama foleni ya kisimani imepungua. Tulikuwa na namna yetu ya kugonga, mbili za haraka na moja ya taratibu, na yeye hakuwahi kuniacha nigonge bila kunijibu.

Sasa nikwambie kuhusu mablanketi. Dzaleka ni mahali pa kungoja. Watu wanangoja majina yao yatoke, na jina likibandikwa ubaoni, familia inapewa siku ya basi, basi linawapeleka uwanja wa ndege, na ndege inawapeleka nchi ambayo hata kuitamka ni kazi. Wiki ya mwisho wanagawa nyumba. Sufuria kwa huyu, kuku kwa yule, mlango wenyewe kwa shemeji. Mablanketi yalikuja kwa bibi, kwa kuwa kila mtu alijua anayatia kwenye mifarishi yake. Aliyakunja, akayapanga juu ya boriti, na ole wako uyaguse.

Kwetu mtu akisafiri, hufagii nyumba nyuma yake siku hiyo hiyo. Pale kambini desturi hiyo ilikuwa imepanda mpaka kwenye matandiko: blanketi la aliyeondoka halifuliwi mpaka habari zije kwamba amefika. Kwa kawaida haikuchukua muda. Wiki moja, mbili, halafu mama fulani anakuja anakimbia huku kitenge kinamvuka, "Koko, bamefika! Banasema kule iko baridi ya kuua mutu!" Siku hiyo hiyo bibi anainjika maji.

Hapo ndipo kazi ilipoanza, na kazi yenyewe bado naisikia mikononi. Bibi hakuamini kitambaa chochote ambacho hakijaonja maji ya moto. Kila kitambaa iko na njaa yake, alikuwa ananiambia, na usipokilisha mbele ya kukishona, kitakula wenzake siku ya kwanza ya kufuliwa. Yaani cha katikati kitanywea na cha juu hakitanywea, na mfarishi mzima utajaa makunyanzi kama uso wa mtu anayelamba ndimu. Kwa hiyo aliloweka kila kitu mara tatu, vitenge, bitana, mablanketi, kwenye maji yanayofuka mvuke, akikandamiza kwa mwiko wa bugali uliokwisha kustaafu. Kukamua alikataa kabisa. Alilitandaza blanketi juu ya ua wa matete likiwa zito vile vile, likidondosha maji nusu siku, na harufu yake ilikuwa ya moshi, sabuni ya mche na jasho la watu wengine.

Mimi nilichambua pamba. Tulikuwa tunapata mito iliyochakaa, tunaipasua, na pamba ya ndani ndiyo iliyojazia pale ambapo blanketi limelika. Nilikaa mkekani nikiachanisha mabonge kwa vidole mpaka pamba ilegee, nyepesi, yenye kujaa kiganja. Nikipiga chafya nafukuzwa. Mchana bibi aliniletea kiazi kitamu alichokifukia kwenye majivu, na hakuruhusu nikishike kwa mikono yenye pamba, kwa hiyo alinilisha mwenyewe, vipande vidogo, kama mtoto mchanga. Nilijifanya kuona aibu. Leo ningetoa hiyo cherehani ya watu nilishwe tena hivyo.

Halafu kulikuwa na kamba. Kabla ya kuloweka blanketi, bibi alinyoosha kamba ya katani pembeni yake, akafunga fundo pale lilipoishia. Likishakauka alipima tena, na pale lilipoishia sasa akafunga fundo la pili. Kila blanketi lilikuwa na kamba yake, na kamba zote zilitundikwa nyuma ya mlango, mafundo mawili mawili. Mgeni mmoja aliwahi kuuliza kwa uoga kama ni dawa. Bibi, mwanakwaya wa kanisa, alicheka mpaka akakohoa. Kwa kamba hizo alijua ni kiasi gani blanketi la aina fulani litapungua hata kabla halijagusa maji. Ya kijivu mepesi yalipungua vidole viwili. Ya kahawia yenye mstari mwekundu, yale ya sufu, yalipungua kiganja kizima na kidole juu yake. Hilo la kahawia likumbuke.

Jina la jirani lilitoka mwishoni mwa mvua. Nilijua kupitia ukutani. Mama yake alipiga yowe moja, kisha akaanza kuimba kwa Kirundi. Nikagonga, mbili na moja. Rafiki yangu akanijibu, lakini alijibu kwa haraka haraka, kama mtu aliyeitwa kwingine.

Wiki ile waligawa nyumba yao yote, na sisi tukapata jiko, ndoo na picha ya maua. Siku ya mwisho rafiki yangu alikuja mwenyewe akiwa amekumbatia blanketi lake. Lilikuwa nusu ya blanketi la mtu mzima, la kahawia, mstari mwekundu umepita katikati. Hakumpa bibi. Alinipa mimi.

"Usiifule mpaka nikupigie simu," akasema. "Hata koko akikuambia. We ungoje simu yangu."

"Nitangoja."

"Apa."

Nikaapa, nikalamba kidole nikakielekeza juu. Mama yake alikuwa amechukua namba ya mzee mmoja wa Uvira aliyekuwa na duka la kuchaji simu karibu na soko, maana ndiye aliyepokea simu za watu wote wa mtaa wetu.

Basi lilikuja asubuhi. Watu waliimba, wengine walilia, na rafiki yangu alikuwa amevaa viatu vipya vilivyomzidi, anatembea kwa kuviburuta. Hakunipungia mkono, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa imeshika mfuko wa karatasi zao, na alikuwa ameambiwa asiuachie hata kidogo. Basi likashika barabara ya Lumbadzi. Nikarudi nyumbani nikagonga ukuta. Nilijua hakuna mtu. Niligonga tu. Baada ya wiki tatu iliingia familia nyingine, watu wazuri sana, na jambo la kwanza waliloniomba ni nisiwe nagonga ukuta.

Kuanzia hapo kila nikitoka shule nilipitia dukani kwa mzee wa Uvira. Alikuwa na meza moja, nyaya nyingi, na simu za watu zimelazwa zinawaka taa ndogo ndogo. Niliketi kwenye tofali mlangoni pake. Simu ikilia nasimama. Alikuwa anaangalia namba, anapokea, anasikiliza, halafu anaita jina la mtu mwingine. Akishamaliza ananitazama: "Bado, mama. Ya benzako njo inalia." Yaani ya wenzangu ndiyo inayolia. Hakuwahi kunifukuza, na hilo bado namshukuru.

Wiki mbili zikapita, mwezi, miezi miwili. Mablanketi ya watu walioondoka baada yao yakawa yameshafuliwa. La rafiki yangu lilibaki peke yake juu ya boriti.

Mwezi wa sita ukafika, na mwezi wa sita huko Dowa, wilaya ya kambi yetu, hauna mzaha. Upepo unakuja bila kizuizi, unapita chini ya mlango na kupanda miguuni. Kifua cha bibi kikaanza kupiga filimbi. Safari hii mfarishi aliokuwa anashona ulikuwa wa kwetu wenyewe, wa kwanza ambao haukuwa wa mtu mwingine, na ulikuwa umekamilika tabaka la katikati isipokuwa kona moja. Blanketi lingine la kuijaza hiyo kona hatukuwa nalo. Jioni moja, jua likiwa bado lipo, bibi akaweka chini sahani yake ya sombe, yaani kisamvu.

"Leta ile blanketi ya rafiki yako."

"Koko, hajapiga simu."

"Najua. Desturi mi naijua mbele yako. Lakini baridi haingoji simu, na kifua yangu haingoji. Kesho niko na kwaya. We njo utaifula. Maji ya moto mara tatu, halafu utafunga fundo. Umeshakuwa mukubwa."

Unaona mtego wenyewe. Bibi hakuwa amewahi kunikabidhi kamba. Ningesema hapana, ningekuwa nimemnyima bibi yangu joto na mgonjwa ni yeye. Ningesema ndiyo, ningekuwa nimevunja kiapo, na kwa akili yangu ya wakati ule niliamini kabisa kwamba blanketi likifuliwa, simu haitalia tena. Sikusema hapana wala ndiyo. Nikaondoa sahani yake, naye akachukulia kuwa nimekubali.

Kesho yake alipoondoka na kitabu chake cha nyimbo, niliinjika maji kweli. Yakachemka kweli, ili majirani waone moshi. Kisha nikayamwaga nyuma ya nyumba. Nilichota maji baridi kwa kiganja, nikayanyunyiza pembeni pembeni mwa blanketi, kama mtu anayetaka kupiga pasi, nikaliweka juu ya ua. Kabla ya hapo nilifunika uso wangu nalo. Lilinukia mafuta ya kujipaka ya mama yake na moshi wa jiko lao. Nililia mle ndani, kisha nikajifuta, nikachukua kamba. Fundo la kwanza nilifunga kwa haki. La pili nililitunga. Nilikumbuka vidole viwili vya blanketi la kijivu, nikapima vidole viwili, nikafunga. Mtoto anayedanganya hana muda wa kufikiria sufu.

Bibi aliporudi alilishusha uani. Alipitisha mkono katikati yake, taratibu, mara mbili. Akaangalia kamba.

"Vidole mbili?"

"Njo vile, koko."

Alinitazama kidogo. Macho yangu yalikuwa makavu kabisa, nilijitahidi. "Haya," akasema, akaitundika kamba nyuma ya mlango pamoja na nyingine. Basi. Nikajiona mjanja, na kwa siku mbili tatu nilitembea kifua mbele.

Alishona nje, juani, kwenye mkeka. Kwanza alipiga bandi, zile nyuzi za hatua ndefu za kushikilia tabaka zisihame, halafu akaanza kushona mistari yenyewe, midogo, ya karibu, inayopita tabaka zote tatu. Mimi nilimtilia uzi kwenye sindano, maana macho yake yalikuwa yamekwisha kuchoka. Alipofika kwenye ile kona akaishia na bandi peke yake, za uzi mwekundu, ambazo kwa kawaida hutolewa kazi ikiisha. Akakata uzi.

"Koko, na hapa?"

"Hapa njo nilichoka."

Nilimwamini. Alikuwa anakohoa, na mgongo wake ulikuwa umeinama kupita siku zote. Nilimwonea huruma, na moyoni nikafurahi, kwa kuwa kona ile isiyo na mistari ilikuwa laini zaidi, na niliomba iwe upande wa kichwa changu. Tuliishi na mfarishi ule baridi yote, bibi na mimi, na kifua chake kikapoa.

Ila hakuufua kamwe. Kila Jumamosi aliuanika juani, akaupigapiga kwa fimbo nyembamba, akaurudisha ndani. Mwanamke mmoja wa sokoni alimtania mbele yangu: "Koko, batu bote unabalowekea blanketi zabo mara tatu. Yako mbona haionje maji?"

"Yangu inangoja," bibi akasema.

"Inangoja nini?"

"We uzisha nyanya zako."

Wanawake wakacheka, nami nikacheka. Nilidhani ni mzaha wa wazee.

Mwaka uliofuata jina la mzee wa Uvira likatoka. Hakuna aliyeniambia. Nilitoka shule, nikafika dukani, nikakuta kufuli mlangoni na mama mmoja anakaanga mandazi pale pale lilipokuwa tofali langu. Mzee alikuwa ameuza meza na nyaya, akaondoka na simu yake mfukoni, na namba ikaondoka naye. Hiyo ndiyo namba pekee ambayo rafiki yangu alikuwa nayo. Huenda alipiga siku ile ile. Huenda simu ililia katika nchi fulani ya theluji, na mzee akasema bado, mama, akicheka mwenyewe. Au pengine rafiki yangu alinisahau kabla ndege haijatua. Siku za kawaida naamini lile la kwanza. Siku kama hizi za mvua, naamini la pili.

Nilimweleza bibi tukichambua mboga. Aliendelea kuchambua mpaka tukafika chini ya ungo.

"Sasa tuifule?" akauliza.

"Tufule nini?"

"Kuvreli."

Niliogopa, kwa kuwa nilijua blanketi likiingia majini litajikunja, na likijikunja uongo wangu utaonekana. "Hapana, koko. Bado iko safi."

"Haya," akasema. Hakuuliza tena mpaka alipofariki.

Alifariki katika msimu mwingine wa baridi, nikiwa na miaka kumi na tisa. Amezikwa kule kule, kwaya iliimba vizuri. Jina letu halikuwahi kutoka ubaoni, na baada ya yeye kufariki faili letu lilibaki na mtu mmoja. Nilipanda kabaza mpaka Lumbadzi, mfarishi umefungwa kwenye gunia nyuma ya baiskeli, kutoka hapo nikaja mjini kushonea watu sare na magauni. Desturi yake niliendelea nayo. Naanika Jumamosi, sifui. Nilikuwa nafanya hivyo bila kuuliza kwa nini, kwa mazoea tu, na kwa woga wa zamani ambao haukuwa na mtu tena wa kumwogopa.

Basi turudi uani Biwi. Niliushusha mfarishi kwenye kamba, nikaketi kizingitini na wembe, nikaanza kukata zile bandi nyekundu moja moja. Zilikatika kirahisi, zilikuwa zimewekwa ili zikatike. Na ndani sikukuta uchovu wa mwanamke mzee hata kidogo. Bibi alikuwa ameshona mfuko. Pande zote za kona ile, isipokuwa huo wa bandi, alikuwa ameziba kwa mshono wake mdogo mdogo wa siku zote, bitana kwa kiraka, na blanketi alikuwa amelilaza mle ndani peke yake, limeshikwa upande mmoja tu kwa nyuzi chache. Lingenywea, lingenywea peke yake bila kuvuta kitu. Na mtu akitaka kulitoa zima, apate habari njema akalifue kama alivyoapa, angelitoa bila kuharibu mfarishi.

Alijua. Alijua tangu alipopitisha mkono. Mwanamke aliyeloweka blanketi za kambi nzima angekosaje kujua lililonyunyizwa na lililoloweshwa? Alinyamaza, akatumia siku nzima zaidi ya kazi, akiwa mgonjwa, kunitengenezea nafasi ya kungoja.

Ndani ya mfuko kulikuwa na kamba pia. Nilikuwa nimeisahau kabisa. Ilikuwa imekunjwa vizuri. Nikainyoosha juu ya goti. Fundo la kwanza, langu, la haki. Fundo la pili, vidole viwili ndani, langu, la uongo. Halafu, kiganja kimoja na kidole kutoka lile la kwanza, fundo la tatu, lililopitishwa mara mbili kama alivyofunga yeye.

Nilifunika uso kwa blanketi. Sitakudanganya na wewe: harufu ya rafiki yangu haimo tena. Linanukia vumbi na linanukia mimi mwenyewe. Nilikaa pale kizingitini nikajisikia mpweke kuliko siku ile ya basi, kwa kuwa siku ile nilikuwa na mtu ndani ya nyumba aliyekuwa anajua na kunyamaza kwa ajili yangu, na sikujua kwamba ninaye.

Nikaenda kuinjika maji kwenye mbaula, jiko langu la mkaa. Mara tatu, mvuke unafuka, nikikandamiza kwa mwiko, bila kukamua. Yale ya kwanza yalitoka meusi ya udongo wa Dzaleka. Mama wa nyanya akapita akauliza ni blanketi la nani, dogo hivyo, na kama nina mtoto ambaye hajamwona. Nikamwambia ni la rafiki yangu. Akauliza yuko wapi. Nikasema amesafiri. Akaitikia kwa kichwa akaenda zake, na nilitamani sana angeuliza swali moja zaidi.

Lilichukua siku mbili kukauka. Leo mchana nimelitandaza kitandani na kuliwekea kamba ubavuni. Limepita ndani ya fundo langu la uongo, likaenda likasimama kwenye la tatu, barabara, hata nusu ukucha halikukosea. "Koko," nikasema, kwa sauti kabisa, kama mwendawazimu. Ukuta wa chumba hiki ni wa saruji, na upande wa pili ni stoo ya mahindi.

Nimelirudisha blanketi kwenye kona yake na kujazia pembeni, pale lilipopungua, kwa pamba niliyoichambua mwenyewe. Nimepiga bandi. Kisha nimetia uzi kwenye sindano, nikashindwa mara ya kwanza, nikaweza mara ya pili, na nimeanza kushona pale bibi aliposema amechoka.